Kuchagua cheni ya kupasulia mbao kwa chenso

Gogo la msindano likiwa bondeni ambako dingdong (mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa) haiwezi kushuka, chenso ndiyo kiwanda. Unapiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye masizi ya betri, unawasha, na jioni una rundo la mbao za inchi 1x8 na 2x6 ambalo vijana watalipandisha begani hadi barabarani. Siku hiyo ikienda vibaya, lawama zote huangukia mashine: inavuta upande, inatoa moshi, mbao ina mawimbi, petroli imeisha na gogo halijafika nusu. Nimefungua mashine nyingi za namna hiyo na injini nikaikuta nzima. Tatizo lilikuwa cheni. Mtu alifunga ile ile anayoangushia miti, akategemea impe mbao za kenchi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chenso tayari, anayetaka kupasua kwa mkono au kwa fremu ya kuchomelea inayoongoza chenso, na anasimama dukani mbele ya cheni tano zinazofanana.

Kwanza, tofauti ya kukata na kupasua

Chukua ufagio wa chelewa uliofungwa vizuri. Ukiukata katikati kwa kisu, kisu kinazikatiza chelewa na zinaachia. Sasa jaribu kuuparua ule upande wa vichwa vya chelewa, ukiula polepole kuelekea mpini. Kila chelewa inakukabili kwa ncha yake, na mkono unachoka haraka. Gogo nalo ni hivyo hivyo. Ukikatisha gogo, jino linazikatiza nyuzi za mti. Ukilipasua kwa urefu, upanga (bapa la chuma linalozungukwa na cheni) ukiwa umelala kukingama kwenye gogo, jino linakutana na vichwa vya nyuzi tangu mwanzo hadi mwisho wa mbao. Injini inabaki kwenye mzigo kamili kwa dakika nyingi mfululizo, kazi ambayo kuangusha mti hakuidai kamwe.

Kwa hiyo cheni ya kupasulia inahitaji kula mbao kidogo, kwenda sawa bila kuvuta pembeni, na kukaa na makali muda mrefu. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hayo matatu.

Hatua ya 1: Soma mashine yako kabla ya kusoma bei

Cheni ina vipimo vitatu ambavyo havina mjadala. Kimoja kikikosewa, hata cheni nzuri kuliko zote haitakufaa.

Cha kwanza ni pichi, yaani umbali kati ya viungo. Pima kutoka katikati ya ribiti moja (kipini kinachoshika viungo) hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Kwa rula ya milimita utapata hivi kwenye ribiti tatu, kabla ya kugawa: karibu 16.5 ni cheni ya inchi .325, karibu 18.6 ni ya 3/8, karibu 20.5 ni ya .404. Gia inayozungusha cheni na kigurudumu cha ncha ya upanga lazima viwe vya pichi hiyo hiyo.

Cha pili ni unene wa miguu. Miguu naita vile vipande vya chini vinavyotembea ndani ya mfereji wa upanga. Vipo vya milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Fundi mwenye vernia (kifaa cha kupimia unene) atakupimia kwa sekunde chache.

Cha tatu ni idadi ya miguu. Ihesabu mwenyewe, mguu kwa mguu, ukianzia penye alama ya chaki. Usinunue kwa kulinganisha urefu na cheni ya zamani, kwa sababu cheni iliyotumika imekwisha kurefuka.

Vipimo hivi hupigwa muhuri kwenye mkia wa upanga, sehemu inayofichwa na kifuniko. Usugue kwa brashi ya waya utaviona. Kwenye cheni nako kuna namba. Cheni za kampuni ya Oregon huwa na namba kwenye mguu: 72 ni 3/8 yenye miguu ya 1.3, 73 ni 3/8 ya 1.5, 75 ni 3/8 ya 1.6, na 91 ni 3/8 fupi (yenye meno madogo, nitaieleza mbele) ya 1.3. Kwa kampuni ya Stihl, namba iliyo kwenye jino hutaja pichi (2 ni .325, 3 ni 3/8, 4 ni .404, 6 ni 3/8 fupi), na ile ya kwenye mguu hutaja unene: 3 ni 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6.

Niliwahi kuambiwa dukani kwamba 1.5 na 1.6 ni kitu kimoja. Upanga wangu ulikuwa wa 1.6, nikafunga cheni ya 1.5, ikaingia bila shida. Kuingia si kukaa. Ndani ya mfereji ilikuwa inalala upande, na kila nilipoongeza moto ililala zaidi. Gogo zima la mkrismasi, zuri, lilitoka mbao nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Mwenye gogo alikuwa amelitunza kwa ajili ya milango. Sijalisahau, na tangu siku hiyo sinunui cheni bila kuiona namba kwa macho yangu.

Angalia pia gia. Kama meno yake yamechimbika kiasi cha nusu milimita, badilisha kabla ya kufunga cheni mpya, la sivyo gia ya zamani itaiharibu siku hiyo hiyo. Kanuni nzuri ni gia moja kwa kila cheni mbili.

Hatua ya 2: Upana wa cheni, kwa sababu unga wa mbao ni pesa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hasara kubwa ilipo na ndipo watu wengi hawaangalii.

Cheni ya 3/8 ya kawaida hufungua njia ya milimita 8 hadi 9 ndani ya gogo. Ile ya .404 hufungua zaidi ya hapo. Cheni ya 3/8 fupi, ambayo meno yake ni madogo na imelala chini zaidi, hufungua milimita 6 hadi 7. Tofauti ya milimita mbili inaonekana ndogo mpaka uihesabu.

Tuseme umeondoa mabanzi (vipande vya nje vyenye magome) ya juu na ya chini, umebaki na unene wa sentimita 32, na unataka mbao za inchi moja, yaani milimita 25. Kwa njia ya milimita 9, utapata mbao 9: mbao zenyewe milimita 225, njia nane za cheni milimita 72, jumla 297. Zimebaki milimita 23, na ya kumi haitoki. Kwa njia ya milimita 7, mbao 10 zinachukua 250 na njia tisa zinachukua 63, jumla 313. Imetoka. Ni gogo lile lile, na petroli imepungua pia kwa sababu injini imesaga mbao kidogo. Kwa magogo ishirini una mbao ishirini ambazo mwenzako ameziacha chini zikiwa unga.

Basi kwa nini kila mtu asifunge cheni fupi? Kwa sababu ni nyembamba na haistahimili mashine kubwa yenye upanga mrefu. Mimi naitumia kwa magogo ya hadi sentimita 45 hivi, upanga usiozidi inchi 24. Zaidi ya hapo inarefuka haraka na inaweza kukatika. Tena, mashine inayokuja na 3/8 ya kawaida inahitaji gia na upanga wa cheni fupi. Usidanganywe na rula: ribiti zake zina umbali ule ule wa 18.6, lakini miguu ni mifupi na haikai vizuri kwenye gia ya cheni kubwa. Hesabu gharama ya vyote vitatu, cheni, gia na upanga. Kwa mtu anayepasua kila wiki vinarudisha pesa. Kwa mtu mwenye miti kumi ya kujengea nyumba yake, aendelee na 3/8 ya kawaida na aipatie pembe sahihi, nitaieleza mbele.

Cheni ya .404 ni ya mashine zenye nguvu, kama Stihl 070 ya zamani yenye injini ya ukubwa wa cc 106, na magogo makubwa. Ni imara na haikatiki ovyo. Lakini kuifunga ili upasue msindano wa sentimita 30 ni kupoteza mti.

Kuhusu nguvu: chenso ya cc 70 hivi inapasua gogo la sentimita 40 hadi 50 bila kuteseka. Ukienda sentimita 70 unataka cc 90 au zaidi. Ndogo ya cc 50 itapasua, ila pumzisha mara kwa mara, na usiiweke kwenye mlingoti.

Hatua ya 3: Kona ya jino

Litazame jino kwa mbele. Kuna lenye kona kali ya mraba na kuna lenye kona iliyoviringwa kidogo. La mraba linakwenda kasi kwenye gogo safi, lakini likigusa mchanga mara moja, kona imekwisha. La kona ya mviringo ni polepole kidogo, ila linavumilia vumbi, magome na mbao ngumu.

Kwa kupasua chagua la mviringo. Magogo yetu huburutwa na ng'ombe au kwa kamba kwenye udongo, na magome yanajaa mchanga. Mstari mmoja wa mbao ni mrefu, hutaki makali yaishe katikati yake.

Hata hivyo, menya magome kwa panga pale cheni inapoingilia. Kazi ya dakika tano inakuokolea unoaji mmoja mzima.

Hatua ya 4: Pembe ya makali

Hiki ndicho kiini cha jambo lote. Kama huwezi kubadilisha kitu kingine chochote, badilisha hiki.

Cheni ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa imenolewa kwa digrii 30 hadi 35. Jino la kulia linaelekea kulia, la kushoto linaelekea kushoto, na kila moja linavuta kwake. Kwa kukatisha gogo ndivyo inavyotakiwa. Kwa kupasua, kule kuvutana kunaacha mistari kama ya jembe kwenye uso wa mbao na kunakula nguvu bure. Cheni ya kupasulia hunolewa kwa digrii 10. Jino linaingia karibu sawa na patasi, halivuti pembeni, na mbao inatoka laini kiasi kwamba randa haitakuwa na kazi kubwa.

Zipo zinazouzwa zikiwa tayari na digrii 10. Oregon zao za 3/8 zina herufi RD baada ya namba, kama 72RD, 73RD na 75RD. Stihl wana PMX kwa 3/8 fupi na RMX kwa 3/8 ya kawaida. Ukizikosa, na nje ya miji mikubwa mara nyingi utazikosa, nunua cheni ya kawaida yenye kona ya mviringo uibadilishe kwa tupa.

Usiibadilishe kwa siku moja. Kutoa digrii 30 hadi 10 kwa mkupuo kunakula sehemu kubwa ya jino, na umeshalipia jino zima. Kila ukinoa, punguza kama digrii 5. Ikifika mara ya nne uko kwenye 10, na wakati huo wote cheni ilikuwa inafanya kazi.

Kama huna kifaa cha kupimia pembe, tumia kipande cha boksi. Chora mstari wa sentimita 10 unaokatiza upanga kwa mraba. Mwisho wa mstari huo sogea pembeni milimita 18, kisha unganisha nukta hiyo na mwanzo wa mstari. Huo mstari wa pili una digrii 10. Bana upanga kwenye jiliwa, weka boksi chini ya cheni, na tupa iufuate mstari. Kwa meno ya upande wa pili geuza boksi. Tupa ikae sawa, isiinamishwe, na sehemu ndogo tu, kama moja ya tano ya unene wake, itokeze juu ya jino.

Tupa ya duara iwe ya saizi ya cheni: milimita 4.0 kwa 3/8 fupi, 4.8 kwa .325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kulingana na mtengenezaji (kasha la cheni linataja), na 5.5 kwa .404. Tupa nene inafanya jino butu kwa juu. Nyembamba inalichimba chini na kuacha ncha dhaifu inayopinda kwenye fundo la kwanza.

Hesabu misukumo ya tupa, iwe sawa kwa kila jino. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, upanga utapanda au kushuka ndani ya gogo, na hakuna fremu itakayouzuia.

Halafu kuna kinundu kilicho mbele ya kila jino, kinachoamua jino linakula mbao kiasi gani. Kwa 3/8 kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kipime kila baada ya kunoa mara nne au tano, ukishushe kwa tupa bapa na ukiviringe kwa mbele. Nakusihi usikishushe zaidi ili kutafuta kasi. Vijana wengi hufanya hivyo. Cheni inaanza kuchota mafungu makubwa, mashine inarukaruka mikononi, klachi inaungua, na siku moja cheni inakatika mtu akiwa ameinama juu yake.

Kumbuka pia kwamba cheni ya digrii 10 ni mbaya kwa kukatisha magogo. Weka mbili: moja ya 30 ya kuangushia na kukatia vipande, moja ya kupasulia. Paka tone la rangi nyekundu kwenye kiungo kimoja cha ile ya kupasulia ili kijana wako asizichanganye asubuhi na mapema.

Hatua ya 5: Meno mengi au machache

Kuna cheni yenye jino baada ya kila nafasi ya kawaida, na kuna iliyorukwa, yenye meno machache. Kwa upanga hadi inchi 24 chukua ya kawaida, uso wa mbao unakuwa mzuri zaidi. Upanga ukizidi inchi 28 na mashine haifiki cc 90, ile ya meno machache inaipa injini nafuu na unga unapata pa kutokea.

Hatua ya 6: Ulize mti wenyewe

Msindano ni laini lakini utomvu wake unaganda kwenye meno na mfereji. Jioni itoe cheni, ichovye kwenye dizeli au mafuta ya taa, ipanguse kwa brashi, kisha uipake oili. Usisubiri kesho.

Mlingoti unapasuliwa ukiwa mbichi. Ukikauka ni chuma. Mti huu una mvutano ndani yake. Mbao ikianza kuachia inapinda na kuubana upanga, kwa hiyo piga kabari nyuma ya cheni kila unaposogea nusu mita. Cheni imara ni bora kuliko nyembamba hapa, hata kama inakula zaidi.

Mvule una jambo lake. Ndani ya shina hujengeka mawe ya chokaa ambayo huyaoni kwa nje, na cheni ikikutana nalo meno yanakwisha kwa sekunde. Nenda na cheni ya akiba iliyonolewa, na vaa barakoa, vumbi lake linawasha. Kabla ya mti wowote, hata uliopanda mwenyewe, pitia kwa afisa misitu wa wilaya ujue kibali kinachotakiwa. Mbao zikishikwa barabarani, makali ya cheni hayatakusaidia.

Na oili: ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari ina chembe za chuma. Inasaga mfereji wa upanga, kisha hata cheni ya unene sahihi inaanza kulala upande.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye banzi

Funga cheni mpya, ikaze kiasi kwamba unaweza kuivuta kwa mkono wenye glavu na miguu isitoke kwenye mfereji. Iendeshe bila mzigo dakika chache, zima, kaza tena. Kisha vaa kofia, miwani na vizuia sauti, simama pembeni ya mstari wa cheni, na upasue banzi la kwanza.

Kwa kazi ya kukatisha tumefundishwa kwamba unga maana yake cheni ni butu. Kwenye kupasua kwa fremu sheria hiyo haifai, kwa sababu hata cheni kali inatoa chembe ndogo. Chukua kiganja cha unga usugue kwa vidole. Ukisikia chembechembe kama dona iliyosagwa nene, endelea. Ukiwa laini kama sembe na una joto, simama unoe. (Ukipasua kwa mkono huku upanga umelazwa kufuata urefu wa gogo utaona tambi ndefu. Hizo ni dalili nzuri, ila zitoe kwenye kifuniko cha gia kabla hazijaziba.) Kwa kawaida misukumo miwili mitatu ya tupa kila unapojaza tangi inatosha, mradi usingoje mpaka ulazimike kuisukuma mashine.

Sasa geuza banzi uuangalie uso. Mistari mirefu ya mshazari iliyo sawa ni kawaida. Mstari mmoja wenye kina unaojirudia kila baada ya sentimita chache ni jino moja refu kuliko mengine, litafute ulipunguze. Mawimbi mapana ni cheni iliyolegea, au miguu myembamba kuliko mfereji. Uso uliopinda kama bakuli ni meno ya upande mmoja yaliyonolewa zaidi, au kingo za upanga zimelika upande mmoja: usimamishe upanga kwenye meza bapa, ukiinama wenyewe umepata jibu. Alama nyeusi za kuungua ni makali yaliyokwisha au oili isiyofika kwenye ncha. Rekebisha hapo hapo kwenye banzi, kisha ndiyo upige uzi wa mbao ya kwanza.